Ukuta wa Machimbo ya Kinyala

24 Februari 2025

Nimefika Tukuyu saa tisa mchana. Mvua inanyesha na mlima Rungwe hauonekani kabisa. Baba alikuwa dukani kwenye cherehani yake, anapinda sketi ya shule. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Umekonda, Najat. Huko Dar hawapiki?" Halafu akarudi kwenye pindo lake. Tangu Mama afariki, huo ndio ukaribisho wa nyumba yetu, na nimeupokea kwa moyo mmoja.

Kuna daftari la kazi, lile ni la mawe. Hili ni langu.

Nimekuja kwa miezi minne, kutafuta umri wa matabaka ya changarawe nyepesi ambayo volkano ilimwaga huku zamani. Miaka miwili nilikuwa ng'ambo, kwenye maabara, nikisaga mawe ya visiwa vilivyojipanga baharini kama upinde. Kule sakafu ya bahari inazama chini ya nchi nyingine, inashuka na maji yake, na maji yale ndiyo yanayoyeyusha mwamba hadi mlima unatokea. Nimeyajua mawe ya visiwa vya watu kabla ya kuyajua ya mlima niliozaliwa chini yake. Huku hakuna bahari inayozama, nchi inavutwa tu pande mbili na kupasuka. Mawe ya visiwani yana elementi iitwayo niobiamu kidogo mno, ya kwetu yanayo tele. Ukiiona namba hiyo tu unajua jiwe limetoka wapi, kama unavyomjua mtu kwa lafudhi yake.

Umri ni habari nyingine. Mwamba mkongwe unapimwa kwa potasiamu inayogeuka argoni taratibu. Tabaka changa linahitaji mkaa: msitu uliounguzwa siku changarawe ilipoanguka, ukafukiwa papo hapo. Nikiupata mkaa chini ya tabaka, nimeupata umri wake.

26 Februari

Baba amenishonea mifuko arobaini ya kuwekea sampuli, ya kitambaa cha marekani, yenye kamba ya kufungia. Hakuniuliza ya nini.

28 Februari

Kinyala. Nimepanda bodaboda kwenye utelezi, nimefika nimechafuka hadi magotini.

Machimbo yapo nyuma ya migomba ya mzee mmoja anaitwa Ambindwile. Anayechimba ni mwanawe, Ezron, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Anachimba changarawe nyepesi kwa ajili ya wafyatua bloku wa mjini. Ukuta wake una urefu wa mita sita hivi, umekatwa wima, na matabaka yanaonekana waziwazi kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Nilianza kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaweka kiganja kwenye ukuta.

"Hii nyeupe ya juu ni laini, bloku zake zinavunjika. Hii ya njano ndiyo wanayoitaka. Chini yake kuna udongo mwekundu, tukiufikia tunaacha. Chini ya udongo kuna changarawe nyingine, nyeusi nyeusi. Ile hatuigusi."

"Kwa nini?"

"Ukichimba pale unaukata ukuta miguu, dada."

Nimeandika maelezo yake yote kwenye daftari la kazi. Ni matabaka yaleyale niliyokuwa nimepanga kuyatambua kwa wiki nzima. Amenimalizia kazi kwa robo saa.

2 Machi

Mfungo wa kwanza. Mvua tangu alfajiri. Baba na mimi tumefuturu kwa uji na magimbi.

5 Machi

Leo Ezron amenipeleka nyumbani kwake. Mkewe, Tulinagwe, alikuwa anamenya ndizi. Nikamsalimu "Ugonile", akaitikia "Ndaga" bila kuinua kichwa. Aliponiandalia chai nikasema nimefunga. Akaangalia vikombe, akavirudisha ndani vyote, hata cha mumewe.

"Mama Elina, mpe mumeo," nikasema.

"Atakunywa ukiondoka."

Sikujua kama ni heshima au ni ukali. Mzee Ambindwile ndiye aliyezungumza nami. Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani yake. Jina la mwanawe analitamka Ezloni. Anataka kujua kama mlima utalipuka tena.

"Siku moja, mzee. Si katika maisha yetu."

"Basi hilo si langu," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Elina, binti yao wa kidato cha pili, aliniuliza kama msichana anaweza kusomea mawe. Mama yake akamwambia akachote maji.

7 Machi

Mvua.

8 Machi

Mvua. Mifuko imefika kumi na minane.

10 Machi

Nimemfundisha Ezron kuandika lebo: tarehe, mahali, kina. Anaandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni. Alisoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Akaniuliza mawe ya vile visiwa yakoje. Nikamwonyesha kipande kidogo ninachotembea nacho, akakipima mkononi. "Hili zito," akasema. "La kwetu limejaa pumzi."

11 Machi

Leo tumeona chembe za mkaa chini ya tabaka jeusi. Chembe tu, hazitoshi kupimwa. Profesa ameandika kwamba shehena ya sampuli inaondoka mwisho wa mwezi, na bila mkaa wa tabaka la chini sura nzima ya utafiti itabaki wazi.

Nimemwomba Ezron atafute zaidi.

12 Machi

Mvua kubwa. Sikwenda.

13 Machi

Mvua. Mto Kiwira umekuwa rangi ya matofali. Sikwenda.

14 Machi

Saa mbili asubuhi simu iliita. Ilikuwa namba ya Ezron, nikapokea nikisema, "Kaka Ezron, mvua imekata huko?" Sauti ilikuwa ya Elina. Alisema, "Dada, ukuta umemwangukia baba." Akarudia vilevile mara mbili, kama anasoma.

Sikumbuki safari. Namkumbuka dereva akisema shika vizuri.

Walikuwa watu kama thelathini, wengi kwa majembe, wengine kwa mikono. Ukuta wote wa katikati haukuwepo. Palikuwa na kilima kipya, cha njano, kinachotoa mvuke kwa baridi. Changarawe ile ni nyepesi, ukiishika mkononi ni kama mkate mkavu. Ikilowa na maji inakuwa kitu kingine. Kila tulipotoa kikapu kimoja, viwili viliporomoka kutoka juu. Nilipiga kelele kwamba wasichimbe kutoka chini, waanze juu, itawafukia na wao. Mzee mmoja wa kanisa akawapanga upya. Nikashuka kuchimba.

Mzee Ambindwile alikaa kwenye kigogo cha mgomba ulioangushwa, akiita jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Ezloni. Ezloni.

Tulinagwe hakulia. Alichimba. Kanga yake ya kiunoni ilifunguka ikaanguka, mwanamke mmoja akaiokota akamfunga tena, naye hakuacha kuchimba hata wakati anafungwa.

Tulimfikia saa sita kasorobo. Alikuwa amechutama, mgongo umeelekea nje na uso umeelekea ukutani, kama mtu anayechungulia kitu. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

Nilirudi nyumbani saa kumi. Baba aliona mikono yangu, akafunga duka. Akanawisha vidole vyangu kwenye beseni, kimoja kimoja. Ilipoadhiniwa magharibi akanipa tende, nikashindwa kuimeza.

15 Machi

Ukuta umeanguka. Ezron amekufa.

16 Machi

Maziko. Baba amekuja pamoja nami, amevaa koti lake la Idd, amesimama na wanaume wa Kinyala kwenye tope tangu mwanzo hadi mwisho. Mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwenyekiti wa kijiji alisema mvua ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Kisha akasema watu wa Kinyala wanamshukuru mtaalamu, binti wa mzee Maulidi fundi cherehani, aliyechimba kwa mikono yake kama mtoto wa familia.

Watu wakanigeukia. Mwanamke mmoja akanishika bega.

Nilitazama chini.

17 Machi

Sina la kuandika.

18 Machi

Mvua.

20 Machi

Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mwingine anayejua, na mimi nimeanza kusahau kwa makusudi. Jana nilijikuta najisimulia siku ile kwa namna nyingine, na ile namna nyingine ilikuwa nzuri.

Tarehe kumi na moja nimeandika hapa kwamba nilimwomba Ezron atafute zaidi. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumesimama mbele ya ukuta. Nikamwambia achimbe kishimo chini ya udongo mwekundu, kiingie ndani kama urefu wa mkono. Akatazama juu. Akasema, "Ukuta umekunywa maji, dada. Tungoje ukauke."

Nikasema mwezi unaisha.

Akasema, "Chini pale ndiyo miguu yake."

Nikasema, "Nimepima, Ezron. Udongo ule unashika. Kishimo kidogo hakina shida."

Sikuwa nimepima kitu. Sina hata kifaa cha kupimia jambo hilo, si fani yangu. Fani yangu ni kilichomo ndani ya jiwe na siku lilipozaliwa, si kama ukuta utasimama. Nilisema nimepima kwa sababu neno hilo likitoka kwangu linamaliza ubishi. Nililiona likimaliza. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaniamini mimi.

Alikuwa amechimba machimbo yale miaka kumi na tisa.

21 Machi

Siwezi kwenda Kinyala. Nimesingizia mafua.

24 Machi

Leo Tulinagwe amekuja dukani. Sikutegemea. Alisimama mlangoni na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, Baba akamwekea kiti akampa pole, kisha akatoka nje ghafla kununua uzi, ingawa uzi upo tele.

"Wameniambia unaumwa," akasema.

"Mafua, Mama Elina."

"Pole."

Nikasema ahsante. Nilitamani ardhi inimeze.

Akafungua pindo la kanga yake akatoa mfuko. Mfuko wa marekani, mmoja wa ile arobaini, umefungwa kamba vizuri. "Nilikuwa nafua koti lake. Ulikuwa mfukoni. Nikasema hiki ni cha yule dada, huenda anakitafuta."

Kwenye lebo kulikuwa na herufi zake kubwa kubwa. 14 MACHI. KINYALA. CHINI KABISA. Ndani, vipande vitatu vya mkaa, kimoja kikubwa kama kidole gumba, bado kina umbo la tawi.

Alikuwa ameshaupata. Alikuwa ameupata, akauandika, akauweka mfukoni, akafunga vifungo, kisha akarudi kutafuta zaidi.

Tulinagwe alikuwa ananitazama. "Ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

"Basi vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake ukalegea. "Alikuwa anakusifu. Anasema umemwonyesha kwamba anachokijua ni elimu."

Baba aliporudi alinikuta nimekaa chini kwenye sakafu, katikati ya vipande vya vitambaa.

31 Machi

Idd. Tumeswali, tumerudi, Baba amepika pilau mwenyewe na amezidisha karafuu. Nilipomaliza kula nikamweleza yote.

"Yule mwanamke anajua?"

"Hajui."

"Na ameleta ule mfuko mpaka hapa kwa miguu yake."

"Ndiyo, Baba."

Akakusanya sahani. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Mimi nikikosea kupima, nguo inambana mtu, anairudisha, naifumua. Sijui mwanangu. Sijui wewe unafumua nini. Lakini usikae na kitu cha yule mama kifuani kwako."

2 Aprili

Nimekwenda. Mvua ilikuwa ndogo. Tulinagwe alikuwa anapalilia viazi nyuma ya nyumba, Elina yuko shule, mzee amelala. Nilisimama kwenye tuta kwa sababu sikuona pa kukaa, nikasema yote, kama nilivyoandika tarehe ishirini, maneno yaleyale. Sikusema "labda", wala sikutaja mvua.

Aliendelea kupalilia wakati ninasema. Nilipofika kwenye "nimepima" akasimama.

"Alikwambia msubiri ukauke."

"Alisema."

"Ukamwambia umepima."

"Ndiyo."

"Na hukupima."

"Sikupima."

Alilitazama jembe mkononi mwake, na nilidhani atanipiga, na ningesimama palepale. Akaliweka chini polepole. Akaanza kulia, kilio chote ambacho hakukilia siku ile, amesimama wima, mikono imening'inia. Nikasogea, akasema, "Usinishike."

Ikapita muda. Akajifuta kwa kiwiko.

"Ule mkaa uko wapi?"

"Nyumbani. Sijaupeleka. Sitaupeleka, Mama Elina, nitaurudisha kwenu, nitaacha—"

"Utaurudisha nifanye nini? Nipikie?" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakakimbia. "Aliutoa mle kwa pumzi yake ya mwisho, wewe uutupe ili moyo wako upumzike? Upeleke. Upeleke unakoutaka. Halafu usirudi hapa."

Nimeondoka. Njiani nimepishana na wanaume wawili, wakaniamkia kwa heshima. Nikaitikia.

4 Aprili

Shehena ilikuwa imecheleweshwa wiki moja na ofisi ya vibali. Kishimo kile kingeweza kusubiri tangu mwanzo. Nimeupeleka mfuko posta.

11 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Mvua. Nafanya kazi upande wa Suma, peke yangu. Natazama juu ya kila ukuta kabla ya kuukaribia.

27 Aprili

Nimemwona Elina sokoni Tukuyu. Ameniona. Amevuka barabara.

15 Mei

Majibu ya mkaa yamekuja kwa barua pepe. Umri umetoka safi, kosa la kipimo ni dogo, Profesa amefurahi sana, anasema watu hupata mkaa kama ule mara moja maishani. Namba ipo kwenye daftari la kazi. Hapa siiandiki.

21 Mei

Mvua zimepungua, mlima umeonekana asubuhi nzima.

Mzee Ambindwile amekuja dukani. Amezeeka miaka kumi kwa miezi miwili. Baba akampa maji, wakazungumza habari za magoti yao. Kisha akanigeukia.

"Tulinagwe ameniambia," akasema. "Siku ileile uliyokuja aliniambia. Nilitaka kuja hapa na fimbo. Kisha nikachoka."

"Nisamehe, mzee."

"Sikuja kwa hilo. Vijana wanachimba tena. Palepale. Wanakata chini, kwa sababu kule chini kumefunguka na changarawe nyeusi inapendwa. Nawaambia acheni, wanasema mzee, ile ilikuwa mvua tu, mwenyekiti alisema, na mvua imekwisha. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji."

Nikaelewa anachokiomba kabla hajakisema. Niliangalia mikono yangu.

"Nikienda lazima niseme yote."

"Ndiyo," akasema mzee.

24 Mei

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye nyasi, wachimbaji wamejikusanya upande mmoja na kofia zao. Mwenyekiti akanikaribisha kama mgeni wa heshima. Akasema tumpigie makofi mtaalamu wetu. Wakapiga.

Nikasema, "Sistahili makofi."

Nikawaeleza kwamba haikuwa mvua peke yake. Kwamba changarawe ikikaa juu ya udongo mwekundu, maji yanasimama pale kwa sababu udongo hauyapitishi, na ukikata chini ya udongo huo hakuna kinachoubeba ukuta. Kwamba Ezron alilijua hilo bila kusoma popote, na alikuwa ameliheshimu miaka kumi na tisa. Nikasema, "Siku ile mimi ndiye niliyemwambia achimbe. Alikataa. Nikamwambia nimepima. Nilisema uongo."

Uwanja ukavunjika kwa kelele. Mchimbaji mmoja, Prosper, rafiki yake Ezron tangu utoto, alinyanyuka akaja mbele hadi nikasikia pumzi yake. "Wewe? Umekula msiba wetu, umekaa na sisi, kumbe ni wewe?" Mwenyekiti alikuwa ananiuliza kwa nini sikusema siku ya maziko. Mtu akarusha kibonge cha udongo, kikanipiga begani. Nikasema "naomba nimalize", hakuna aliyesikia.

Ndipo Tulinagwe aliposimama. Alikuwa nyuma, kwa wanawake, sikuwa nimemwona. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu naye wakanyamaza, na kunyamaza kule kukaenea hadi mbele.

"Mwacheni amalize," akasema. "Mimi nilishamsikia, na bado namchukia. Lakini Prosper, wewe jana ulikuwa umeinama palepale alipoinama Ezron. Kaa chini usikilize."

Prosper akakaa. Akafunika uso kwa kofia, mabega yake yakawa yanatikisika.

Nikamaliza. Nikachora ukuta ubaoni, ule ubao wa darasa la tano walioutoa nje, nikaonyesha wakate kutoka juu kwa ngazi, kila ngazi isizidi kimo cha mtu, wakifika kwenye udongo mwekundu waache. Nikawaambia pia kwamba mimi si mhandisi wa kuta, na kwamba wamwombe afisa madini aje apime kabla hawajaanza, apime kwelikweli.

26 Mei

Machimbo yamefungwa hadi afisa afike.

9 Juni

Afisa amekuja kutoka Mbeya na vifaa vyake. Amekubaliana na zile ngazi, ila ameziongezea upana. Prosper ndiye anayesimamia. Haongei nami. Anaongea na afisa, mimi nikiwa nimesimama pembeni, na akiuliza swali linalonihusu anauliza hewani.

17 Juni

Kesho narudi Dar. Baridi imeanza, ukungu hautoki hadi saa nne.

Nimekwenda Kinyala, ingawa aliniambia nisirudi. Nilisimama nje kwenye njia, sikuingia uani. Tulinagwe alikuwa anachimba viazi. Aliniona, akaendelea, akamaliza tuta zima, kisha akaja hadi kwenye ua wa miti, jembe mkononi.

"Nini tena?"

Nikamwambia kwamba kazi yangu itachapwa, na kwamba wanaopata sampuli huwa wanaandikwa majina. Kwamba aliyeupata umri wa tabaka lile ni Ezron, si mimi, nami nataka jina lake likae kwanza. Lakini ni jina la mumewe, sitaliandika asipotaka.

Alifikiri. Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu.

"Utaandika alikufaje?"

"Nitaandika. Na kwa nini."

"Kwenye hiyo nafasi ya kwanza utaandika Ezron tu?"

"Ezron, wa Kinyala."

"Maezron wapo wengi," akasema. "Andika na jina la baba yake. Andika mchimbaji. Usiandike msaidizi, hakuwa msaidizi wa mtu."

Nikatoa daftari la kazi, nikaandika nimesimama, kwa penseli, kwa sababu ya unyevu: Ezron Ambindwile, mchimbaji, Kinyala. Nikamgeuzia aone. Akasoma taratibu, midomo ikifuata herufi. Kisha akafuta kidole kwenye kanga, akakiweka juu ya jina, akakiacha pale kidogo.

Akarudi kwenye viazi vyake. Nami nikashuka njiani.